Mashine Niliinunua, Sauti Je?

Mtu anaponunua kitu kilichobeba sauti za watu, je, amezinunua na sauti hizo? Katika insha hii nitaeleza kwa nini naamini kwamba kitu hununuliwa, lakini sauti hubaki kuwa amana, na kwamba mwenye amana mkononi hawezi kujitetea kwa kusema tu kuwa hakuiba.

Kwanza niieleze mashine yenyewe. Ni kinasa sauti cha rili, aina ya Uher 4000 Report, iliyoanza kutengenezwa Munich, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watangazaji wa redio waliipenda kwa sababu hubebwa begani na hutumia betri tano kubwa, zile za tochi. Niliipata kwa fundi wa redio karibu na soko la Arua kwa shilingi 180,000, baada ya kubishana bei siku mbili. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na rili tatu. Mbili hazikuwa na sauti yoyote. Ya tatu ilikuwa imeandikwa kwa penseli: Koboko, 1974. Fundi hakujua ilitoka kwa nani, maana naye aliinunua pamoja na vyuma chakavu vingine.

Kabla ya kuicheza rili hiyo niliifanyia mashine kazi wiki mbili. Msomaji asiyezijua mashine hizi afahamu kwamba kuusikiliza utepe ni kuugusa. Sauti imehifadhiwa katika unga mwembamba wa sumaku uliogandishwa juu ya plastiki, na utepe unapopita kwenye hedi, husuguana nayo. Hedi ikiwa chafu, unga hukwanguka. Ikiwa imeshika usumaku, sauti za juu hufifia kidogo kidogo kila utepe unapopita. Raba inayouvuta utepe ikiwa imelainika kwa uzee, huung'ang'ania na kuukunja. Basi nilisafisha hedi kwa pamba na spiriti, nikatafuta raba nyingine, nikakwangua kutu iliyoachwa na betri zilizovuja, kisha nikaijaribu mashine kwa zile rili tupu.

Kuna jambo jingine. Ukibonyeza kitufe cha kurekodi, utepe hupita kwanza kwenye hedi ya kufutia, ndipo hupokea sauti mpya. Kwa kawaida mashine hii hairekodi bila kufuta, wala haikuulizi kama una uhakika.

Rili ya Koboko ilikuwa na dakika zipatazo arobaini za kilio cha msiba. Wanawake waliimba kwa Kikakwa na kutaja majina. Mimi ni Mlugbara, na Kikakwa nakisikia kwa taabu, hivyo rafiki yangu wa chuoni alinisaidia kuelewa. Hapo ndipo maoni matatu yalipogongana.

Maoni ya kwanza ni kwamba rili ni yangu kwa sababu nimeilipia. Mwenzangu mmoja alinishauri niifute na kuitumia upya, kwani utepe mpya siku hizi ni ghali na haupatikani Arua. Lakini tufikirie mtu aliyenunua koti la mitumba, akakuta barua mfukoni. Koti ni lake bila shaka. Je, barua nayo ni yake? Anaweza kuisoma hadharani sokoni ili watu wacheke? Wengi wetu tutasema hapana, ingawa hakuna aliyemwibia mwenzake. Bei hulipia kile ambacho muuzaji anaweza kukitoa. Fundi yule hakuwa na msiba wa kuniuzia.

Maoni ya pili yana nguvu zaidi. Yanasema sauti kama hizi ni mali ya historia, basi zisambazwe kwa watu wote. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchini kuanzia mwaka 1949 akirekodi nyimbo na ala. Rekodi zake zimetunzwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Bila kazi ya namna hiyo tungekuwa maskini zaidi. Tena kwetu West Nile hoja hii inauma. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwaka 1980, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire. Nyumba zilichomwa, na picha na karatasi zikapotea. Sauti iliyovuka miaka ile ni adimu. Anayeificha atajibu nini mbele ya wajukuu?

Maoni ya tatu niliyasikia Koboko kwenyewe, kilomita kama 55 kutoka Arua. Kwa msaada wa ndugu za rafiki yangu na yale majina yaliyotajwa, tulifika kwenye boma la familia iliyofiwa mwaka ule. Mama mzee mmoja alizitambua sauti mara moja. Vijana wa pale walikwisha toa simu ili warekodi na kutuma kwa WhatsApp. Mama akaniambia nizime kwanza. Kisha akauliza, “Hawa walilia kwa sababu walifiwa. Wewe, mwanangu, unasikiliza kwa sababu gani?”

Nililifikiria swali hilo kwa muda mrefu. Naona linatofautisha mambo mawili tunayoyachanganya: thamani ya sauti na haki ya kuisikia. Kwamba kitu kina thamani kwa wote hakuthibitishi kwamba wote wana haki nacho. Waliolia walijua ni nani aliyekuwa pale kuwasikia. Hawakuwa wanamlilia msikilizaji asiyemjua marehemu, miaka mingi baadaye, akiwa anakunywa chai.

Mama aliamua rili isifutwe wala isisambazwe. Ibaki kwake, na wa ukoo atakayetaka kusikia aje. Niliiacha, ingawa niliipenda.

Mtu anaweza kuniuliza: kama angeagiza ifutwe, ungefuta? Nisingefuta, na sababu yangu ni hii. Amana ile ina wenyewe wengi: marehemu, waombolezaji, na watoto ambao hawajazaliwa. Mmoja wao akitaka sauti inyamaze, anyamaziwe, kwa sababu kimya kinaweza kuvunjwa kesho wakikubaliana. Kufuta hakuna kesho. Pale ambapo wenye haki ni wengi na baadhi yao hawawezi kusema, uamuzi usiorekebishika si wa mtu mmoja, hata awe mkubwa wa boma.

Lakini kurudisha rili peke yake hakutoshi. Rili bila mashine ni ghala lisilo na mlango: nafaka imo, na watu wanalala njaa. Kwa hiyo wajibu wangu haukuisha nilipotoka Koboko, ila ulihamia kwenye mashine. Ninatoa betri kila nikimaliza kuitumia ili zisivuje. Ninaiwasha kila mwezi ili raba isibonyee upande mmoja. Ninasafisha hedi hata kama hakuna kilichopita juu yake isipokuwa vumbi la Arua. Familia ile ikiita, nitaibeba begani nipande teksi. Nikilazimika kuiuza, nitamwambia mnunuzi kwamba kuna boma Koboko linaloitegemea, na asiyekubali hilo nitamrudishia fedha zake.