Mti Msituni, Kilio Ukutani

Wapenda falsafa wana swali lao la zamani: mti ukianguka msituni na hakuna mtu wa kuusikia, je, umetoa sauti? Wengi hucheka. Mimi nasema tusiharakishe kucheka.

Tuanze na fizikia. Sauti ni mtikisiko. Piga ngoma: ngozi inatikisika, inasukuma hewa iliyo jirani, nayo inasukuma ya mbele yake, hivyo hivyo mpaka sikioni. Hewa yenyewe haisafiri. Kinachosafiri ni wimbi, kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, joto likiwa nyuzi 20. Katika kitabu chake cha mwaka 1660, Robert Boyle alieleza jinsi mlio wa saa ulivyofifia kadiri alivyoinyonya hewa kutoka kwenye chombo cha kioo.

Likifika sikioni, wimbi hutikisa kiwambo, kisha vifupa vitatu, kisha majimaji yaliyomo ndani ya kijumba kilichojiviringa kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo zinazougeuza mtikisiko kuwa umeme wa neva. Ubongo ndio unaosema: hii ni ngoma. Basi kule msituni wimbi lilikuwepo, ila usikivu haukuwepo. Swali limekwisha.

Kwangu mimi ndiyo kwanza linaanza. Sisi wa mjini hatukai msituni bwana, tunapanga vyumba, ukuta mmoja watu wawili. Mlio mzito hupenya ukuta kuliko mwembamba. Ndiyo maana besi ya redio ya jirani unaipata, maneno huyapati. Kilio cha mwanamke anayepigwa usiku nacho huja hivyo hivyo, kimekatikakatika. Asubuhi kwenye foleni ya maji kila mtu anasema, “Mimi sikusikia kitu.”

Kwani macho yana kope. Masikio yana nini? Hata usingizini yako wazi. Wimbi lilifika, neva zikafanya kazi yake. Kilichogoma ni mtu.

Utaniambia mambo ya ndoa hayaingiliwi. Sawa, lakini hapo umekiri kwamba ulisikia.

Mtoto mkaidi tunasema “hasikii”, ingawa masikio yake ni mazima. Kiswahili kinajua kwamba kusikia bila kutenda ni uziwi. Nawe mwenzangu unayeandika na kulalamika kwamba hakuna anayekusikia, hebu niambie: jana usiku ukuta wako ulisema nini?