Asante, Kocha: Je, Shukrani ni Deni?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 3:27, Mhubiri 9:13–16, Luka 17:11–19, Warumi 16:1–23, Danieli 1:8–16, 2 Wafalme 5:1–27, Wafilipi 4:10–18.

Fungu la Kukariri: Mithali 3:27

Masomo ya jioni yakiisha, katika viwanja vingi vya shule zetu utamkuta mtu mmoja mwenye filimbi shingoni, amezungukwa na watoto. Mara nyingi ni mwalimu ambaye amesimama darasani tangu asubuhi. Mtaani huenda ni kijana asiyelipwa na mtu, anayeshona mpira uliopasuka ili kesho watoto wapate wa kuchezea. Michezo ya UMITASHUMTA au ya kata inapita, watoto wanarudi kwa wazazi wao, na kocha anakusanya koni na nyavu peke yake.

Juma hili tunajiuliza swali linaloonekana dogo: je, tunawiwa na mtu huyu neno la asante? Na kama tunawiwa, tuliandike namna gani ili liwe shukrani ya kweli, lisigeuke kuwa sifa za uongo wala rushwa?

JUMAPILI: Kwani Halipwi?

Soma Mithali 3:27 na Mhubiri 9:13–16.

Mzazi mmoja husema, "Hiyo ndiyo kazi yake." Mwingine husema, "Ada nimelipa." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mtenda kazi anastahili ujira, na asiyemlipa kocha akadhani atamfuta machozi kwa ujumbe wa asante anamdhulumu. Shukrani haichukui nafasi ya mshahara.

Lakini mshahara nao hauchukui nafasi ya shukrani. Ada hununua saa mbili za mazoezi. Haiwezi kununua ule uvumilivu wa kumwonyesha mtoto mwoga, kwa mara ya ishirini, jinsi ya kupokea mpira bila kufumba macho. Hayo kocha aliyatoa kwa hiari yake, na kilichotolewa kwa hiari hakina stakabadhi.

Mhubiri anasimulia habari za maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji mdogo dhidi ya mfalme mkuu. Mji ulipona, lakini hakuna aliyemkumbuka maskini yule. Mhubiri hasemi kwamba watu wa mji walimpiga au walimnyang'anya kitu. Walimsahau tu, na kusahau huko kunatajwa miongoni mwa mambo mazito aliyoyaona chini ya jua.

Mithali 3:27 inatuonya tusiwanyime watu mema wanayostahili, ikiwa tuna uwezo wa kuyatenda. Neno la asante liko ndani ya uwezo wa maskini na tajiri. Je, ni nani katika malezi ya watoto wako anayestahili neno hilo na hajalipata?

JUMATATU: Wale Tisa

Soma Luka 17:11–19 na Warumi 16:1–23.

Wakoma kumi walitakaswa. Mmoja alirudi. Angalia kwamba wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao. Kwa hiyo shukrani haikuwa bei ya uponyaji. Kama ingekuwa bei, ingekoma kuwa shukrani. Hata hivyo Yesu aliuliza tisa wako wapi. Hapa tunaona deni la namna ya pekee: hakuna mahakama inayoweza kulidai, lakini asiyelilipa amepungukiwa na kitu moyoni mwake.

Wengine hujibu kwamba yule mkoma alimshukuru Bwana, nasi pia tumshukuru Mungu peke yake, kwa maana kila kutoa kuliko kwema hutoka juu (Yakobo 1:17). Je, tukimsifu kocha hatumwibii Mungu utukufu? Mtume Paulo hakuona hivyo. Katika Warumi 16 anawataja watu wengi kwa majina, na mara nyingi anaeleza mtu alifanya nini: Fibi aliwasaidia wengi, Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, mama yake Rufo alikuwa kama mama kwake. Paulo alijua vema mema yote hutoka wapi. Alijua pia yalipitia mikono ya nani. Anayekunywa maji ya chemchemi humshukuru Mungu kwa ajili ya mvua, na humshukuru jirani aliyemchotea.

JUMANNE: Msimamizi wa Babeli

Soma Danieli 1:8–16.

Kwa familia nyingi za Kiadventista, swali hili la kocha linaugusa moyo katika jambo moja hasa: mechi za Jumamosi. Mtoto ana kipaji, ratiba imepangwa siku ya Sabato, na mzazi anakwenda kumwomba kocha ruhusa. Makocha wengine hukataa. Wengine hukubali, na kukubali huko kuna gharama. Kocha atacheza bila mlinda mlango wake mzuri, atawajibu wazazi wengine wanaonung'unika, na akishindwa, lawama ni zake.

Tunapowafundisha watoto wetu habari za Danieli, tunausifu uthabiti wake, nasi twafanya vema. Lakini mara chache tunamkumbuka yule msimamizi. Mkuu wa matowashi aliogopa waziwazi kwamba angekatwa kichwa. Msimamizi alikuwa mtumishi wa mfalme wa kipagani, bila sababu ya kujali sheria ya vyakula ya vijana wanne mateka. Hata hivyo aliwasikiliza akawajaribu siku kumi. Danieli 1:9 yasema ni Mungu aliyempa Danieli kibali machoni pa mkuu wa matowashi. Mungu alitenda kazi kupitia mtu asiyekuwa wa imani ile.

Kocha Mwislamu, Mkatoliki au asiye na dini, anayemwambia mtoto, "Nenda kasali, tutaonana Jumatatu," anastahili zaidi ya kuambiwa kwamba tulikuwa na haki. Haki tulikuwa nayo, lakini usumbufu aliubeba yeye. Tukiondoka bila neno, atakayekuja kesho na ombi kama letu atakuta mlango mgumu zaidi.

Je, kanisa lako limewahi kumshukuru mtu wa nje aliyemsaidia mtoto wa kanisa kuitunza Sabato?

JUMATANO: Asante Yenye Ndoano

Soma 2 Wafalme 5:15–27 na Kutoka 23:8.

Katika nchi zetu neno "asante" limebebeshwa mzigo usio wake. Mtu akiambiwa "toa asante kidogo," anaelewa kwamba anaombwa fedha. Kwa hiyo tupime vema. Jogoo aliyepelekwa kwa kocha juma moja kabla ya kuchagua timu siye jogoo wa shukrani, hata akifungwa utepe. Kutoka 23:8 yasema rushwa huwapofusha wenye kuona; na kocha aliyepofushwa hamwoni mtoto wa mjane aliye bora kuliko wako.

Elisha alimkatalia Naamani zawadi zake. Gehazi alimfuata mbio akazichukua, na pamoja nazo akapata ukoma. Naamani alikuwa na nia njema, lakini Elisha hakutaka mtu yeyote adhani kwamba neema ya Mungu ina bei. Basi tujiulize maswali matatu kabla ya kutuma kitu. Je, kocha bado ana uamuzi wa kufanya juu ya mtoto wangu? Je, ningependa wazazi wote waione zawadi hii? Je, ningeituma hata kama mtoto wangu angekaa benchi msimu mzima?

Ujumbe wa maneno, uliotumwa baada ya msimu kwisha, hupita salama katika maswali yote matatu. Ndiyo maana mara nyingi ni bora kuliko kitu. Lakini maneno nayo yanaweza kuwa na ndoano. Mithali 29:5 yamfananisha msifu wa uongo na mtu atandikaye wavu. Usimwambie kocha kwamba hakuna kama yeye duniani. Mwambie ulichokiona.

ALHAMISI: Andika Ulichokiona

Soma Wafilipi 4:10–18.

Paulo anawashukuru Wafilipi kwa mambo yanayotajika: walimsaidia alipotoka Makedonia, walimpelekea msaada Thesalonike si mara moja tu, na sasa amepokea vitu kwa mkono wa Epafrodito. Anasema pia kwamba hakitafuti kipawa chenyewe. Huo ni mfano mzuri wa kuandika.

Mzazi anaweza kuandika hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa tatu binti yetu alitaka kuacha netiboli kwa sababu alichekwa. Ulimpa kazi ya kuhesabu pointi mpaka alipopata moyo wa kurudi uwanjani. Hatukusahau. Mungu akubariki." Ujumbe huo hautaji ushindi hata mmoja, kwa sababu shukrani inayongoja kombe humwacha nje kocha wa timu iliyofungwa, ambaye pengine alifanya kazi kubwa zaidi.

Mtoto naye aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, hata kama herufi zimepinda. Usimwandikie. Muulize tu, "Kocha alikufundisha nini ambacho hukukijua?" Mtoto atajibu, "Alinifundisha kumpa mkono aliyenifunga," na hapo barua imekwisha kupatikana. Iwe barua ya wazi, ipitie kwa mzazi; mawasiliano ya siri kati ya mtoto na mtu mzima tusiyaanzishe, hata kwa jina la shukrani. Na kama kocha alimtukana au kumpiga mtoto, usimlazimishe kushukuru kwa hilo. Shukrani ya kulazimishwa humfundisha mtoto kusema uongo.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake kiitwacho Elimu, kilichochapishwa mwaka 1903, Ellen White alionya kwamba baadhi ya michezo iliyopendwa siku zake ilikuwa imegeuka kuwa shule ya ukatili. Onyo hilo linatusaidia kuona thamani ya kocha mwema. Yeye ndiye asimamaye kati ya mtoto na tamaa ya kushinda kwa njia yoyote. Tunapomshukuru kwa upole wake na uaminifu wake, tunamwambia ni mambo gani tunayathamini kuliko magoli.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mkoma Msamaria alichagua njia nyingine: aligeuka, akarudi.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, mtu anaweza kutenda haki kamili kwa kulipa ada na bado akawa amemkosea kocha? Eleza.

2. Mkuu wa wanyweshaji alimsahau Yusufu miaka miwili mizima (Mwanzo 40:23, 41:1). Kuna tofauti gani kati ya kusahau na kukataa kushukuru? Je, yule anayesahauliwa huiona tofauti hiyo?

3. Binti mdogo Mwisraeli ndiye aliyeanzisha safari ya uponyaji wa Naamani (2 Wafalme 5:2, 3). Biblia haisemi kama alishukuriwa. Ni akina nani walio kama yeye katika maisha ya watoto wetu?

4. Kocha alimkatalia mtoto wako ruhusa ya Sabato, lakini alimfundisha vema siku nyingine zote. Je, utamshukuru? Utaandika nini?

5. Kabla ya Sabato ijayo, kila mshiriki wa darasa amwandikie mtu mmoja. Mtakapokutana, msisome barua hizo. Simulieni tu ni jambo gani lilikuwa gumu kuliandika.