Lazima Uelewe Ndipo Umpokee?

Katika Pet, riwaya ya Akwaeke Emezi iliyotoka 2019, Jam alipozaliwa alidhaniwa mvulana. Akiwa na miaka mitatu anawajulisha wazazi wake kwamba yeye ni msichana, nao wanamwamini. Basi. Hakuna kikao cha ukoo, hakuna kufukuzwa nyumbani. Hadithi inaendelea na mambo mengine kabisa. Kilichonishangaza ni ule utulivu, nikabaki na swali: je, mzazi ni lazima aelewe kwanza ndipo ampokee mtoto wa namna hii?

Wengi watajibu ndiyo. "Siwezi kukubali nisichokielewa." Naiheshimu hoja hiyo, maana inatoka kwa watu wanaoogopa, si lazima wawe wanachukia. Lakini hebu tujiulize, kwani ndivyo tunavyolea? Mtoto akiamka usiku analia kwa ndoto mbaya, hatumdai ushahidi. Tunamkumbatia kwanza, maswali baadaye.

Trevor Project, shirika la Marekani, limekuwa na simu ya dharura kwa vijana hawa na wenzao wapenzi wa jinsia moja tangu 1998. Katika uchunguzi wake wa 2019, vijana waliokuwa na angalau mtu mzima mmoja anayewakubali walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kusema wamejaribu kujiua katika mwaka uliopita. Takwimu peke yake haithibitishi chanzo, najua. Ila hilo neno "mmoja" haliniachi. Si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa shangazi, mwalimu wa fasihi, au jirani.

Kuna anayeuliza: je, akighairi kesho? Vijana hubadilika, kweli. Ndiyo maana mambo ya dawa yana madaktari na muda wake. Lakini kumwita kijana kwa jina alilolichagua si upasuaji. Akighairi, jina la zamani linarudi. Tukimpoteza yeye, tutamrudishaje?

Sisi wa Kiswahili tumebahatika kidogo. Emezi, mzaliwa wa Nigeria, hajitambulishi kama mwanamke wala mwanamume. Kwa Kiingereza, watu hubishana wamwitaje. Mimi nimeandika aya hizi zote bila sarufi yangu kunilazimisha kuchagua. Tena tunalo neno "mwanangu", lisilouliza wa kike au wa kiume.

Hata hivyo tusijisifu. Kwa lugha hii hii kijana anaitwa laana mbele ya wadogo zake. Sarufi haimfungulii mtu mlango; anayefungua ni mtu. Kuelewa kunaweza kutuchukua miaka, na sioni ubaya wa kuuliza, kusoma, hata kutokubaliana. Ninachokataa ni kumwacha kijana alale nje mpaka sisi tumalize kuelewa.