Daktari Kijana na Deni la Elimu

Tumfikirie kijana aliyesoma udaktari miaka 5, akatumika mwaka 1 wa utarajali chini ya macho ya wakubwa wake, na sasa yu kazini katika hospitali mjini Same. Mbele yake ipo fomu ya kuombea masomo ya ubingwa, KCMC mjini Moshi au Muhimbili. Je, akiijaza, awatupa wagonjwa wake?

Wapo wasemao kwamba aondokaye ametoroka. Sisi hatusemi hivyo. Mama wa Chome, aliyekwisha kuteremshwa mlimani kwa shida, huenda akaambiwa aendelee mpaka Moshi, yapata kilomita 100, kwa kuwa bingwa wa ugonjwa wake yuko huko. Anayekwenda kujifunza ili safari hiyo ikome hakuwatupa wagonjwa, amewatangulia.

Lakini kabla ya kutia sahihi na aulize moyo wake: fani hii naichagua kwa nini? Kwa kuwa nimeona watu wakifa kwa kukosa ujuzi huu, ama kwa kuwa ina heshima na fedha mjini?

Nasi tusimtwike mzigo peke yake. Bingwa wa upasuaji akirudi asikute chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi wala nyumba ya kukaa, tutamlaumu kwa haki gani akiondoka tena? Deni la elimu lina wadaiwa wawili: yeye aliyesomeshwa, na sisi tunaomngoja.