Koki Nyuma ya Bega

Fundi akishakabidhi kazi, lawama huisha? Hapa Nsemulwa, Mpanda, wapo vijana wanaounda vitu kwa vyuma na moto wa kuchomelea. Nawapenda. Ndiyo maana nauliza.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka na ndege ndogo katika Ghuba ya Monterey, Marekani, akafa. Ndege ile, Long-EZ, haikutoka kiwandani. Mtu binafsi aliiunda kwa michoro ya Burt Rutan. Kwenye michoro, koki ya kubadili tangi la mafuta ilikuwa mbele, katikati ya miguu ya rubani. Muundaji akaihamishia nyuma ya bega la kushoto, eti mafuta yasipite alipokaa rubani. Nia njema kabisa! Lakini kuifikia, sharti ujipinde. Wachunguzi walihitimisha kwamba Denver, katika kuitafuta, alikanyaga pedeli ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamshinda.

Wapo watakaosema: kosa lake mwenyewe, aliruka na mafuta kidogo. Kweli, wachunguzi nao walilitaja hilo. Lakini ndugu msomaji, lawama si mkate, kwamba ukimkatia huyu, fungu la yule linapungua.

Basi tuache kubuni? Hapana. Ila nia njema haitoshi. Koki ile haikuwa hata na alama. Aliyeiweka aliijua, hakumfikiria mgeni atakayeishika baada yake. Deni la fundi liko hapo, kwa mtu asiyemjua.