Jaji Hapimi Kifo

Mchi ulikuwa juu ya meza ya karani, umefungwa kikaratasi kwa uzi. Ni mchi wa kutwangia tu, wa mti mgumu, umelainika katikati pale mikono ilipozoea kushika. Mara ya mwisho kutumika ilikuwa kilabuni, usiku, vijana wawili wa rika moja walipogombana kwa sababu ambayo hata aliyebaki hai hakuweza kuieleza vizuri. Pigo moja, kichwani. Siku niliyoingia Mahakama Kuu, mshtakiwa alikuwa na miaka 3 mahabusu, maana shitaka la mauaji halina dhamana. Wakili wa Serikali akasimama, akasema shitaka linabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Kijana akasomewa upya, akajibu, "Ni kweli." Wakili wake akatoa shufaa: umri mdogo, kosa la kwanza, amejutia, hakuisumbua mahakama. Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akatamka kifungo cha miaka 4.

Mama wa marehemu alikuwa amekaa benchi moja nami. Hakulia. Aliniinamia, akaninong'oneza, "Mwanangu, minne hiyo ni ya nani?"

Nilielewa alichouliza. Alitaka kujua kama hiyo minne ndiyo thamani ya mtoto wake. Nasi wengine ndivyo tunavyozisoma habari za mahakamani: huyu kaua, kapewa miaka 4, yule kaua, kapewa maisha, mwingine kaua, kahukumiwa kitanzi. Tunazipanga kama bei za vitu sokoni, halafu tunakasirika. Hasira hiyo siidharau hata kidogo.

Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haiulizi uzito wa kifo. Kifo cha kifungu cha 195, kuua bila kukusudia, na kifo cha kifungu cha 196, mauaji, ni kifo kilekile. Daktari aliyeupasua mwili angeandika maneno yaleyale. Kinachotenganisha vifungu hivyo viwili ni nia ovu, yaani kilichokuwa moyoni mwa aliyeshika mchi. Na moyo nani kauona? Mahakama ya Rufani imezoea kuusoma kwa alama za nje: silaha gani ilitumika, kwa nguvu kiasi gani, ilielekezwa sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, majeraha ya namna gani, muuaji alitamka nini, alifanya nini kabla ya tukio na baada yake. Kila ninapoisoma orodha hiyo hunivutia na kunitisha kwa pamoja. Pigo la pili lingeweza kuwa ushahidi wa moyo mwingine kabisa. Kijana huyu baada ya kupiga aliutupa mchi, akaanza kumwagia mwenzake maji na kuita watu. Maji yale, ndoo moja ya maji, yalisaidia kumtoa kwenye kitanzi na kumweka kwenye kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha na haina kiwango cha chini.

Kwa hiyo, mama, minne hiyo ilikuwa ya yule aliyesimama kizimbani. Hapakuwa na hata siku moja iliyohesabiwa kwa ajili ya mwanao. Naamini sheria iko sahihi kumpima mtu kwa nia yake. Kinachonichoma ni kwamba hakuna aliyemwambia mama. Hata kesi haikuwa yake: ilisomwa Jamhuri dhidi ya fulani, kana kwamba aliyepigwa ni Jamhuri. Na kutwa nzima mwanawe aliitwa marehemu, yaani aliyerehemiwa, ilhali rehema iliyokuwa ikiombwa mle ndani ilikuwa ya mwingine.

Upande wa mauaji ya kukusudia, kupima kunakoma. Kifungu cha 197 kina adhabu moja, kunyongwa hadi kufa, na wakili hata akiwa na shufaa ya kumtoa mtu machozi, jaji hana pa kuiweka. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi wake. Kenya, Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa kifo kwa kosa la mauaji. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kwamba Tanzania inapomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kumwangalia mtu na tukio lake inakiuka haki ya kuishi. Mimi niko na Mwalusanya. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hapa nchini hakuna aliyenyongwa, na bado maneno yale yanatamkwa. Mfungwa analala na neno hilo. Familia ya aliyeuawa nayo inalala nalo, inangoja kitu kisichokuja.

Kuna kipimo cha zamani kinachotazama upande wa pili. Katika sheria ya Kiislamu damu ina diya, ngamia 100 kwa kipimo cha asili, na wanaolipwa ni jamaa wa marehemu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilichukia, na hofu yangu ipo hadi leo: mwenye mali atanunua damu, maskini atanyamazishwa. Lakini nikimkumbuka mama wa benchini nakubali jambo moja. Kwenye diya angefuatwa nyumbani. Wazee wa upande wa pili wangekaa mkekani kwake, wangemtazama usoni na kusema, tumekosa. Mahakamani kila neno lilielekezwa kwa Mheshimiwa Jaji. Kijana aliomba huruma, akapata, na wakati wote alikuwa amempa mama yule mgongo.

Jioni tulisimama wote kituoni tukingoja daladala. Alikuwa akihesabu kwa vidole, ncha ya khanga imefumbatwa mkononi.

"Walilingana," akasema. "Ishirini na tatu wote. Huyu akitoka atakuwa na thelathini."

"Ndiyo, mama."

"Wangu atakuwa bado ana ishirini na tatu."

Sikumwambia kwamba mfungwa mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi. Gari likaja, nikamshika mkono kumpandisha.