Damu ya mtu wa Mwamanyili ni amana

Likitajwa neno vinasaba, watu wengi wa mjini hufikiria kesi za baba na mtoto na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Si ajabu, maana neno lenyewe limetokana na nasaba, jambo ambalo sharia ya Kiislamu imeliwekea ulinzi mkubwa. Leo, ndugu msomaji, nataka tulitazame kwa upande mwingine. Wapo wataalamu wanaochukua damu ya maelfu ya watu na kusoma vinasaba vyao vyote, ili wajue kwa nini huyu anapata kisukari na ndugu yake waliyekula chungu kimoja hapati. Je, tuwape damu hiyo? Na wakishaichukua, inakuwa yao?

Wapo ndugu zetu wanaosema tukatae moja kwa moja. Wazungu walichukua pembe, wakachukua dhahabu, sasa wamekuja na sindano! Hofu hiyo ina msingi, wala simcheki mwenye nayo. Ila hukumu aliyoifikia ina madhara, na anayeyabeba ni mgonjwa wetu wenyewe.

Tuchukue mfano wa mzee wa Mwamanyili, kule Busega mkoani Simiyu, kandokando ya Ziwa Victoria. Malaria imeishi na watu wa ukanda ule karne nyingi, nayo imeacha alama katika damu yao. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa umeonyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Mtoto huyo haumwi, na kinasaba hicho humkinga na malaria kali. Sasa mzee wetu anakwenda hospitali kubwa Mwanza kupimwa sukari kwa kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu kwa muda wa miezi miwili mitatu. Mwaka 2017 watafiti walionyesha, kwa Wamarekani Weusi, kuwa mwenye kinasaba hicho kimoja cha selimundu kipimo hiki humsomea chini kuliko sukari aliyonayo. Mwaka huohuo wengine wakaonyesha hivyohivyo kwa wenye upungufu wa G6PD, ambao nao ni urithi wa nchi za malaria. Chembe zao huishi muda mfupi, sukari haipati nafasi ya kuganda ya kutosha. Basi mzee anaweza kuambiwa yu salama, akarudi kwake, huku macho na figo vinaharibika.

Kwa nini jambo hili lilichelewa kujulikana? Mwaka 2016 ilihesabiwa kuwa katika tafiti za vinasaba duniani, washiriki wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 81, na wenye asili ya Afrika asilimia 3 tu. Asiyehesabiwa hapimwi sawasawa. Majirani zetu wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, walitoa damu, na mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya watu karibu 2,000 waliosomwa vinasaba vyote. Likaonekana badiliko jingine la damu, nalo linakinga malaria, linalogusa kipimo kilekile cha sukari. Hii ni faida ambayo Ulaya isingeweza kutupatia hata ingesoma damu za watu wake wote.

Kwa hiyo tutoe. Lakini tutoe kama nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wataalamu wengi, ambao huiita damu hiyo sampuli, kana kwamba haina mwenyewe. Kwetu sisi kitu alichokukabidhi mtu kwa shughuli maalumu ni amana. Amri ya kuirudisha kwa mwenyewe imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 58. Na mafakihi wameeleza wazi kuwa mwenye kuwekeshwa akiitumia amana bila idhini, huwa dhamini, anabeba hasara yote hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mwaka huohuo wa 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kiliitaka Taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za Waafrika, kikilalamikia mpango wa kutengeneza chipu ya kibiashara kutokana na vinasaba hivyo. Taasisi hiyo ilikanusha kufanya kosa. Mimi si kadhi wa kesi hiyo. Ninachokiona ni kuwa swali la idhini liliulizwa damu ikiwa tayari iko ng'ambo.

Hapa nchini tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vizuri. Lakini sheria haimfikii mkulima wa pamba anayewekewa fomu ya kurasa kadhaa, anaelezwa harakaharaka kwa Kiswahili naye anafikiri kwa Kisukuma, kisha anabonyeza dole gumba na kupewa nauli. Hiyo ni ridhaa? Fiqhi yetu haikubali mauziano ya mbuzi asiyejulikana, seuze damu! Aambiwe kwa lugha yake damu inakwenda wapi, kwa kazi gani, na akikutwa na sukari aambiwe siku hiyohiyo, asisubiri kitabu kichapwe London.

Liko na jingine zito zaidi. Anayebonyeza dole ni mmoja, lakini vinasaba ni vya ukoo. Akisomwa yeye, wamesomwa nusunusu kaka zake, dada zake na wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Nani kawauliza? Na mwenye amana akifariki, amana hurudi kwa warithi. Je, damu iliyo kwenye jokofu nayo hurithiwa, na warithi wana haki ya kuidai? Hili nawaomba masheikh wetu walijibu, kabla gari la utafiti halijafika Mwamanyili.